Mbwa Mwitu wa Mume Wangu

Mimi mbwa sipendi. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mtu mwema kuliko nilivyo. Kwetu Uvira, mashariki ya Kongo, mbwa alikaa nje, akala makombo, na hakuna aliyejisumbua kumpa jina. Nilipofika Sydney nikakuta mbwa analala kitandani, ana daktari wake na koti lake la baridi, nilicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba katika ile miaka ya korona, mibaya kuliko yote niliyoishi katika nchi hii, nyumba yangu ingekaribia kuvunjika kwa sababu ya mbwa, tena mbwa wa porini wasio na mwenyewe.

Mume wangu ni mpiga picha. Mshahara wake ulitoka kwenye ghala moja la kupakia maboksi, lakini ukimuuliza yeye ni nani, hatataja maboksi. Uvira alikuwa na studio ya chumba kimoja, pazia la buluu ukutani, na watu walipanga foleni kwake siku ya Pasaka na nguo zao mpya. Hapa Mount Druitt, magharibi ya Sydney, alipiga harusi za Wakongo na Warundi, ubatizo, hata misiba, maana kwetu msiba usio na picha ni kama haukutokea. Kisha ugonjwa ukaja. Harusi zikapigwa marufuku, watu wakazikana kwa video, na kamera ikapandishwa juu ya kabati. Yeye akawa anashinda kwenye kochi anatazama ukuta. Nilizoea kimya chake, kwani tangu vita ana vipindi vyake, lakini safari hii kilizidi mpaka binti yetu akaanza kula chumbani kwake ili asikae naye mezani.

Masharti ya kujifungia yalipolegezwa mara ya kwanza, alikwenda na wenzake wa kanisani kununua mbuzi. Sisi tuna mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba huko kaskazini, saa kadhaa kwa gari, mahali ambapo lami inakwisha na simu inakosa mtandao. Anafuga ng'ombe na mbuzi, na anatuacha tuchague mnyama akiwa hai kama tulivyozoea nyumbani. Nyuma ya shamba lake ni msitu usio na barabara, mabonde na majabali mpaka jicho linachoka. Wenzake wakiwa wanabishana kuhusu mbuzi yupi amenona, mume wangu alivuka uzio kwenda kujisaidia. Alipoinua kichwa akaona mnyama wa rangi ya mchanga amesimama juu ya mwamba, anamtazama. Walitazamana kitambo, kisha yule mnyama akageuka na kuingia msituni bila haraka yoyote.

Alirudi nyumbani na paja la mbuzi begani, na kabla hajalitua alikuwa ameanza kusema. "Mama, niliona imbwa ya pori. Iliniangalia tu. Haikuogopa."

Mbwa mwitu wa Australia huitwa dingo. Si yule wa Afrika mwenye madoa na masikio ya mviringo. Huyu ukimwona kwa mbali utadhani ni mbwa wa jirani, ila ukimtazama machoni unajua huyu hajawahi kuitwa na mtu. Mume wangu alianza kwenda huko kila alipopata nafasi. Mzee wa shamba alimruhusu kupita, labda kwa sababu alimwona mtu mpole, labda kwa sababu alichoka kukaa peke yake. Picha za kwanza zilikuwa za kuchekesha: mkia, nyasi, nyasi tena, sikio. Alizionyesha kwenye televisheni baada ya chakula kana kwamba ni picha za harusi ya mkubwa fulani. Lakini alikuwa anasema. Mume wangu alikuwa anakula na kusema, na binti yetu akarudi mezani.

"Umeoa mke wa pili kule," nilimtania. "Sema tu anaitwa nani."

"Ni jike," akanijibu, uso mkavu kabisa. "Na iko na bwana yake."

Siku moja nikamkuta jikoni anafunga matumbo na mapafu ya mbuzi kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amepita Auburn kwa yule muuza nyama wa halali tunayemjua. Nikamuuliza anampelekea nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Niko naenda kwabo," akasema. "Nitafika namna gani mikono bure?"

Lazima nieleze, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Unabeba sukari, sabuni, kuku, hata ndizi tatu zilizoiva kupita kiasi. Mwenyeji atapokea bila kutazama na ataweka pembeni kana kwamba hakuona kitu, lakini usipoleta ataona. Mpiga picha wa Kizungu asingefanya hivyo. Yeye amesoma kwamba mnyama wa porini halishwi, ameambiwa shuleni, kuna vibao njiani vinavyomkumbusha. Mume wangu hakuwa mtu wa vibao. Alikuwa mtu aliyelelewa na mama mwenye adabu, na msitu ule aliuona ni nyumba ya watu, naye ni mgeni.

Mwanzoni waliila nyama baada ya yeye kuondoka. Halafu wakawa wanakuja angali amejificha kwenye majani. Mwaka ulipogeuka, yule jike alikuwa anamsubiri juu ya mwamba kabla hajafika, na dume amelala chini yake kivulini. Ndipo picha zikawa picha. Kuna moja ambayo mpaka leo siwezi kuipita bila kusimama: jike anapiga miayo, ulimi umejikunja, mbegu za nyasi zimenasa kwenye manyoya ya shingo, na nyuma yake bonde zima limejaa ukungu. Mimi nisiyejua picha nilijua kwamba hiyo ni nzuri. Mara ya mwisho alipokwenda, baridi ilikuwa imeanza, akarudi anasema jike ana mimba, tumbo limeshuka, watoto si mbali.

Kisha Sydney ikafungwa tena, na safari hii magharibi tulifungwa kwa namna yetu. Watu wa pwani walikuwa wanaogelea, sisi helikopta ilikuwa inazunguka juu ya nyumba na askari wanagonga milango kuhakikisha tumo. Mtu wa Mount Druitt haruhusiwi kutoka eneo lake isipokuwa kwa kazi maalumu. Mimi nilikuwa nayo: nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko Parramatta. Nilitiwa kijiti cha kipimo puani mpaka pua ikawa inatoka damu, nikavaa plastiki mwili mzima, nikawashika mkono wazee ambao watoto wao walikuwa wamesimama nje ya dirisha wanapunga. Nikirudi nyumbani nilikuwa sina hata nguvu za kugombana. Ghala la kina mume wangu lilifungwa kwa sababu ya wagonjwa, kwa hiyo yeye alikuwa nyumbani, tena kwenye lile kochi.

Majira ya machipuko ya huku yalipokaribia, mzee wa shamba alipiga simu. Mume wangu aliweka sauti ya juu ili nimsaidie Kiingereza. Mzee alisema anajua hatuwezi kuja, lakini afadhali tujue: wenye mashamba wa upande ule wamekubaliana kuweka sumu mwezi huo. Ndama wake wengi wameraruliwa. Wataweka vipande vya nyama vyenye sumu kando ya njia zote na chini ya majabali, kama kila mwaka. Kwa kawaida, alisema, hao mbwa ni werevu sana, nyama yenye harufu ya mtu hawaigusi, ndiyo maana wengi hupona. Alisema hivyo kutufariji.

Mume wangu alikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu mzima.

"Hawa batakula," akasema. "Batakula bote, juu ni miye nilibafundisha."

Kuanzia hapo nyumba ikawa si nyumba. Alitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi. Alipiga simu kila ofisi ambayo binti yetu aliweza kumtafutia namba. Wengine walimwambia apige kwingine, wengine walimsikiliza wakidhani anauliza kuhusu mbwa wake aliyepotea. Alimwomba mzee asiweke sumu karibu na ule mwamba, na mzee akasema kwa upole kwamba uamuzi si wake peke yake na ndama ni riziki yake. Mimi nilichoka. Nilikuwa nimetoka kumfunika uso kwa shuka bibi mmoja aliyekufa bila mtu wake, na mume wangu analia kwa ajili ya mbwa.

"Ni mbwa!" nikapiga kelele. "Watu wanakufa! Baba watoto, ni mbwa!"

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji. Akaniuliza kama najua mama yake alikufaje. Nilijua alikufa vitani. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na nilikuwa sijauliza zaidi, kwa sababu kwetu kila mtu ana wake na ukimuuliza mwenzio naye atakuuliza.

Akanisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu wa kijiji chao walikuwa wamejificha msituni, mama yake na wadogo zake wakiwamo, yeye akiwa kilima cha pili. Watu wenye silaha wakaja mpaka ukingo wa msitu wakatangaza kwamba mambo yamekwisha, chakula kipo. Waliweka magunia ya unga kando ya barabara. Wachache wenye njaa kali wakashuka, wakapewa, wakarudi salama. Siku nyingine wakashuka wengi zaidi, wakapewa, wakarudi. Mwishowe wakashuka wote, na watoto.

"Balibazoeza kwanza," akasema. "Unasikia? Kwanza balibazoeza. Alafu ndio bakabaua."

Nilikaa naye pale sakafuni, friji ikinguruma mgongoni mwetu, na nikaona kwamba mbwa au si mbwa, mume wangu anapotea.

Asubuhi moja nikitaka kwenda kazini, funguo za gari hazikuwapo. Nikashuka chini nikamkuta ameshakaa kwenye usukani, begi la kamera pembeni, glavu zangu za kazini mfukoni. Alikuwa amepanga kwenda kuokota ile sumu, kipande kwa kipande, bonde zima. Binti yetu alikuwa amesimama mbele ya gari na nguo za kulalia, ameweka mikono juu ya boneti.

"Dad, you literally can't," alikuwa anasema kwa Kiingereza, analia, kwamba haiwezekani, watamsimamisha kabla hajafika barabara kuu. "They'll stop you before the motorway."

Nikafungua mlango, nikakaa kiti cha abiria, nikafunga mkanda. Nikamwambia, haya, twende wote, nipoteze kazi, wazee wangu waoshwe na nani sijui, twende. Alikuwa ameshika ufunguo. Nadhani angewasha gari. Lakini wakati huohuo polisi na askari wawili wa jeshi wakakata kona, wanatembea taratibu wakisoma namba za nyumba. Walikuwa vijana wenye mashavu mekundu, barakoa usoni, wala hawakuwa na bunduki. Mmoja alitupungia mkono.

Mume wangu aliacha ufunguo ukaanguka. Nikasikia harufu ya mkojo ndani ya gari. Askari wakapita. Mtu huyu aliyekuwa tayari kuvunja sheria ya serikali nzima hakuweza kufungua mlango akatoka. Nilimtoa mimi, nikamshika kiunoni, tukapanda ngazi, binti yetu anatufuata na begi la kamera amelikumbatia. Nilichelewa kazini, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jioni alimpigia mzee tena. Mzee akamwambia samahani, imeshawekwa tangu juzi.

Sijui nieleze vipi zile wiki zilizofuata. Hakukuwa na kitu cha kufanya, na kukosa cha kufanya ndiko kulikommaliza. Mvua ikinyesha alifurahi kidogo, kwa sababu alisoma kwamba mvua huosha sumu. Jua likitoka alirudi kwenye kochi. Aliacha kunyoa. Niliogopa kumwacha peke yake, nikawa nampigia simu kila nilipopata mapumziko, na kama hakupokea mara moja moyo ulinienda mbio mpaka mwenzangu wa kazini akaniuliza kama naumwa. Usiku nilisali, na sala yangu ilikuwa ya ajabu, kwa sababu nilimwomba Mungu awalinde mbwa. Nilikuwa namwombea mume wangu kwa mlango wa nyuma.

Barabara zilipofunguliwa, Novemba, nilichukua likizo tukaenda wote wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika huko. Kwenye geti kulikuwa na kibao chenye picha ya fuvu. Mzee alitoka, akatusalimia kwa kiwiko, akavua kofia. Akasema amemkuta dume karibu na kijito, na watoto pembeni yake, wadogo bado. Jike hakumwona. Amewafukia kwa trekta, akasema, ili tusiwakute. Mzee hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimekuja kilomita zote zile nikitafuta mtu wa kumchukia.

Tukapanda mpaka kwenye ule mwamba. Mume wangu hakubeba nyama, ni kamera tu, lakini ndani ya begi lake lilelile alilokuwa akiwabebea nyama. Tukakaa mteremkoni kati ya majani makavu. Nzi walitusumbua. Nilitaka kusema twende, nikaogopa kulisema.

Akatokea. Sikumsikia, nilimwona tu ameshafika, jike, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, chuchu zimening'inia bila kitu. Hakusimama mbali. Alivuka uwazi wa nyasi moja kwa moja kutujia, akakaa karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Mwanga ulikuwa umemwangukia ubavuni. Mume wangu alikuwa ameinua kamera, nami nikangoja kile kimlio chake. Hakikuja.

Jike hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama begi.

"Mufukuze," mume wangu akasema polepole.

"Nini?"

"Mufukuze, mama. Miye siwezi. Akibaki hivi, mwaka ujao atakula."

Nikaokota jiwe, nikalitupa bila nguvu, likaanguka mbele yake. Hakukimbia. Alisogea, akainamisha kichwa, akalinusa. Alidhani ni chakula. Akaligeuza kwa pua, akalilamba, kisha akatutazama.

Nikaokota lingine, zito, nikasimama, nikamtupia kwa mkono wangu wote. Lilimpata ubavuni. Alilia kilio kifupi, akaruka, akakimbia mpaka ukingo wa miti, na pale akasimama, mguu mmoja juu, akageuza kichwa. Hakunitazama mimi niliyempiga. Alimtazama yeye.

Mume wangu alikuwa amekaa vilevile, kamera ameibana kifuani, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Bado iko naniamini," akasema. "Tupa ingine, mama. Tupa ingine."